Dhahabu Nyekundu na Mfupa Uliovunjika

Dhahabu iliyogawanywa hadi ikawa chembe zenye upana wa nanomita 20 hupoteza ile rangi ya njano wanayoijua masonara. Ikielea majini huwa nyekundu iliyokolea, mithili ya juisi ya rozela iliyochujwa vizuri. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi, kwa hiyo chembe 4,000 za aina hiyo zingepaswa kupangwa bega kwa bega ndipo zifike ng'ambo ya unywele mmoja. Chembe hizo, pamoja na nyingine zenye umbo la fimbo, la nyota au la kifundo cha atomi chache tu, ndizo nanodhahabu. Watafiti wa tiba ya mifupa wanazitazamia kazi mbili: kuua bakteria waliojichimbia mfupani, na kuusaidia mfupa uliovunjika au kuliwa na usaha ujijenge upya.

Jina ni geni, lakini kitu chenyewe kimeshafika hadi zahanati ya kijijini. Mhudumu humtoboa mtoto kidole, hudondosha tone la damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, kisha huongeza matone ya kimiminika kutoka kwenye kichupa. Damu hupanda taratibu kwenye kikanda cheupe kama mafuta ya taa yanavyopanda utambini. Njiani huzoa chembe za dhahabu zilizovikwa kingamwili, yaani protini zenye kazi ya kukamata kitu kimoja tu, ambacho hapa ni protini ya kimelea cha malaria. Zikifika kwenye mstari ulioandaliwa kuzinasa, zinarundikana. Baada ya dakika 15 au 20 kistari chekundu kinajitokeza, na mama anajua la kufanya. Wekundu ule kwa kawaida si wino. Ni dhahabu. Vipimo vingi vya ujauzito vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa hutumia mbinu hiyohiyo.

Kuitengeneza nako si jambo la kutisha. Mwaka 1857 Michael Faraday, akiwa London, alichanganya chumvi ya dhahabu na fosforasi akapata kimiminika chekundu kama yakuti. Alitambua kwamba mle ndani mna dhahabu halisi, ila imegawanyika vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Baadhi ya chupa zake zinatunzwa hadi leo kwenye Royal Institution. Njia iliyoenea zaidi maabarani ilielezwa mwaka 1951 na John Turkevich na wenzake: chumvi ya dhahabu huyeyushwa katika maji, maji yakachemka, kisha hutiwa sitrati, chumvi inayotokana na asidi ileile ya ndimu na limau. Umanjano hafifu wa maji hupauka hadi kutoweka, unakuja ukijivu, unafuata uzambarau, na ndani ya dakika chache chupa nzima imetulia kwenye wekundu. Sitrati inazigeuza ayoni za dhahabu kuwa metali, halafu inazivika chembe chaji hasi ili zisukumane badala ya kugandana. Kiasi chake kikipunguzwa, chembe hukua kubwa zaidi.

Udogo huo una faida zaidi ya rangi. Gramu moja ya dhahabu ni kipande kisichofikia punje ya hindi, na uso wake wote haujazi hata sentimita moja ya mraba. Gramu hiyohiyo ikigawanywa kuwa chembe za nanomita 20, nyuso zake zikijumlishwa zinafika mita za mraba 15, yaani sakafu ya chumba cha kulala. Juu ya sakafu hiyo ndiko hufungwa dawa, protini na molekuli za kila namna, hasa zile zenye salfa, kwa kuwa salfa hushikamana na dhahabu kwa nguvu. Kwa maneno mengine, dhahabu ni mwili, na vazi hubadilishwa kulingana na kazi. Jambo hilo la vazi ndilo la kushika, maana mengi yanayosemwa kuhusu nanodhahabu ni sifa za vazi lake.

Adui anayekusudiwa ni mkaidi. Mgonjwa wa kila siku kwenye wodi za mifupa za miji ya Afrika Mashariki ni kijana aliyeanguka na bodaboda, muundi umevunjika na ncha ya mfupa imetoboa ngozi. Vumbi, oili ya pikipiki na nyuzi za suruali vimeingia pamoja nayo. Madaktari huosha jeraha kwa maji mengi, hukata nyama iliyokufa, huweka chuma cha kuushikilia mfupa. Tangu hapo yanaanza mashindano ambayo Anthony Gristina, daktari wa upasuaji wa mifupa wa Marekani, aliyaita mwaka 1987 mbio za kuwania uso wa chuma. Seli za mgonjwa zikiwahi, chuma kinapokewa na mwili. Bakteria wakitangulia, wanajenga.

Wanachojenga ni utando wa ute unaowafunika wote kama hema. Mara nyingi fundi mkuu ni Staphylococcus aureus, bakteria anayeishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi bila kuwadhuru. Ndani ya utando baadhi yao hupunguza mwendo wa maisha, wakaacha kugawanyika, na dawa nyingi ambazo hulenga bakteria anayegawanyika huwapita wakiwa wamelala. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walionyesha kwa hadubini ya elektroni jinsi bakteria hao, katika mifupa ya panya, wanavyojibana na kupenya kwenye vijifereji vya ndani ya mfupa ambavyo ni vyembamba kuliko wao wenyewe. Seli nyeupe ya damu haiwezi kuwafuata humo.

Matokeo yake yanaweza kuonekana miezi au miaka baadaye. Mguu uliodhaniwa umepona unavimba, tundu dogo linatokeza na kutiririsha usaha, linafumba, linafumuka tena. Nyumbani wanakiita kidonda ndugu. Daktari akifungua hukuta kipande cha mfupa kilichokosa damu, kikavu na cheupe kama kopa la muhogo, kikiwa kimezungukwa na ganda la mfupa mpya. Kidonge au sindano husafirishwa na damu, na mahali pasipo damu dawa haifiki. Hivyo tiba ya sasa ni kuking'oa kipande hicho, kusafisha, na kumpa mgonjwa antibiotiki kwa wiki sita hivi. Kisha linabaki pengo, na pengo la mfupa ni ugonjwa mwingine unaojitegemea.

Wazo la kuweka dawa palepale penye jeraha lilikuwapo kabla ya nanodhahabu. Mnamo 1970 Hans Wilhelm Buchholz wa Hamburg, Ujerumani, alianza kuchanganya antibiotiki ya gentamaisini na saruji ya kubandikia viungo bandia. Jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) imeshiriki jaribio la awali la kudunga gentamaisini ndani ya jeraha la muundi uliovunjika na kutokeza nje. Ni mbinu nafuu na ya busara, lakini inategemea dawa ambazo bakteria wanazidi kuzizoea. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Usugu huo ndio uliowafanya watafiti wageukie metali.

Dhahabu kama dawa ina historia ya kuwaangusha watu. Mwaka 1890 Robert Koch aliwaeleza madaktari waliokusanyika Berlin kwamba sianidi ya dhahabu, hata ikichanganywa na maji mengi mno, huzuia vimelea vya kifua kikuu kukua ndani ya chupa ya maabara. Ndani ya mnyama haikufua dafu. Hata hivyo chumvi za dhahabu ziliendelea kutumika. Jacques Forestier, daktari wa Ufaransa, alianza kuwapa chumvi hizo wagonjwa wa baridi yabisi akiamini kuwa ugonjwa huo una undugu na kifua kikuu. Imani ilikuwa ya makosa, wagonjwa wakapata nafuu, na taarifa yake ya mwaka 1929 ikafungua zaidi ya nusu karne ya sindano za dhahabu. Kidonge cha dhahabu, auranofini, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa ajili ya baridi yabisi. Baadaye maabara ziligundua kwamba kidonge hicho huua pia Staphylococcus kwa kukwamisha kimeng'enya ambacho bakteria hukitegemea kujikinga na sumu za oksijeni.

Chumvi za dhahabu ni kitu kimoja na chembe za dhahabu ni kingine. Chembe tupu, ile nyekundu ya sitrati, haiui bakteria kwa kiwango cha kuitwa dawa. Lazima ivikwe. Mfano wa mapema ulitoka Hong Kong mwaka 2003, ambako chembe zilizofunikwa antibiotiki ya vankomaisini ziliwadhuru hata bakteria waliokuwa sugu kwa vankomaisini yenyewe. Sababu ni ya kimahesabu: molekuli moja ya dawa ikiachia, jirani zake kwenye chembe hiyohiyo bado zimeshika. Mwaka 2010 kundi la Jiang Xingyu, Beijing, likaenda mbali zaidi. Liliunganisha amino-pirimidini, molekuli ambayo peke yake haiui chochote, na dhahabu ambayo peke yake ni pole. Viwili hivyo vikiungana viliua bakteria sugu. Miaka miwili baadaye kundi hilo lilieleza namna vinavyoua: umeme wa utando wa bakteria huporomoka, nishati yake hupungua, na kiwanda chake cha kutengeneza protini hukwama. Kwa kuwa mashambulizi yanatokea pande kadhaa kwa mpigo, bakteria hupata tabu kuzua usugu.

Njia nyingine ni kupunguza dhahabu hadi vifundo vya atomi chache. Mwaka 2017 watafiti wa Singapore walionyesha kuwa kifundo cha atomi 25 tu, chenye upana usiofika nanomita 2, huingia ndani ya bakteria na kuchochea molekuli kali za oksijeni zinazomteketeza, ilhali chembe kubwa zaidi zenye vazi lilelile zilimwacha akiishi. Atomi 25! Chembe nyekundu ya nanomita 20 ina atomi kama robo milioni.

Njia ya tatu ni joto, na ndiyo inayopendwa zaidi kwenye michoro ya majarida ya sayansi. Dhahabu ikiwa na umbo la fimbo ndogo hunyonya miali ya infraredi iliyo jirani na mwanga mwekundu, kati ya nanomita 700 na 900. Miali hiyo hupenya ngozi na nyama kuliko mwanga wa kawaida, kwa sababu damu na maji havina hamu nayo sana. Fimbo zikiwekwa juu ya chuma kilichomo mwilini kisha zikamulikwa kwa leza kutoka nje, zinapata moto na kuukaanga utando wa bakteria papo hapo. Kwa muundi jambo hilo linafikirika: mfupa uko chini tu ya ngozi, na kila aliyewahi kujigonga kwenye stuli gizani anaujua ukaribu huo. Kwa mfupa wa paja, uliofunikwa na nyama nene, mwanga huishia njiani.

Kuna kikwazo kingine kinachotajwa mara chache kuliko inavyostahili. Mwaka 1983 Eriksson na Albrektsson wa Gothenburg, Sweden, walipima joto ambalo mfupa wa sungura unaweza kulivumilia. Nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja zilitosha kuanza kuuharibu. Bakteria aliyejificha kwenye utando, akishambuliwa kwa joto peke yake, kwa kawaida huhitaji nyuzi 50 na kuendelea kwa dakika kadhaa. Maana yake ni kwamba joto linalomuua adui huua pia mfupa unaotakiwa kuponywa. Ndiyo maana majaribio ya sasa yameshusha moto: nyuzi chini ya 45, zikisaidiwa na antibiotiki ambayo hupenya kwa urahisi zaidi utando ukishalegea. Joto la upole, la nyuzi 40 hadi 43, limeonekana hata kuchochea mfupa wa panya kukua. Tofauti ya tiba na jeraha hapo ni nyuzi chache tu, na kuzidhibiti ndani ya mguu wa mtu si kazi ya kubahatisha.

Upande wa ujenzi una hadithi ya utulivu zaidi. Mfupa hai ni nyumba inayobomolewa na kujengwa kila siku. Seli zinazoitwa osteoklasti hula mfupa wa zamani. Osteoblasti hufuata nyuma zikitandika nyuzi za kolajeni na kuzijaza madini ya kalsiamu na fosfeti. Mafundi hao wa ujenzi hutokana na seli shina za kwenye uboho, na seli shina hizo zina hiari: zinaweza kuwa mfupa, au zikawa mafuta. Mwaka 2010 watafiti wa Hong Kong walizilisha seli shina za panya chembe za dhahabu za nanomita 20. Seli zilizimeza, na nyingi zaidi zikaelekea kwenye mfupa badala ya mafuta. Maelezo yao ni kwamba chembe zinapogusa utando wa seli na kuingia ndani zinaisukuma seli kimwili, na msukumo huo huamsha mlolongo wa ishara uitwao p38, uleule unaohusika seli inapokumbwa na misukosuko. Mifupa imezoea kusikiliza misukumo. Mguu usiobebeshwa uzito hupoteza mfupa, kama wanavyojua wanaanga na wagonjwa waliolala muda mrefu.

Ukubwa una neno hapa pia. Watafiti wa Korea Kusini walilinganisha chembe za nanomita 15, 30, 50, 75 na 100 kwenye seli shina zilizotolewa katika mafuta ya binadamu, na mwaka 2015 wakaripoti kuwa za nanomita 30 na 50 ndizo zilizochochea mfupa vizuri zaidi. Wengine wameona chembe za dhahabu zikizipunguza kasi osteoklasti, jambo linalofaa kwa mfupa wenye usaha, kwa kuwa bakteria huwachochea wabomoaji hao kupita kiasi. Ili chembe zikae panapotakiwa, hutiwa kwenye haidrojeli ya jelatini inayojaza pengo, au hubandikwa juu ya titaniamu. Majaribio ya haya yote ndani ya mwili, kwa sasa, ni ya wanyama kama panya na sungura.

Namba hizo zikiwekwa pamoja zinafichua jambo ambalo vichwa vya habari huliruka. Dhahabu inayoua bakteria kwa nguvu zake ni ya chini ya nanomita 2. Dhahabu inayojenga mfupa ni ya nanomita 20 hadi 50. Si chembe moja. Anayetangaza kwamba dhahabu huua vijidudu na kuunga mifupa kwa pigo moja kwa kawaida ameunganisha vitu viwili: chembe kubwa ya kujenga, na juu yake dawa, joto au vazi la kuua. Huo si udanganyifu, na huenda ndio mpango bora. Ila sifa igawanywe kwa haki.

Udogo una gharama pia. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa chembe za nanomita 1.4 huua seli za binadamu haraka, wakati zile za nanomita 15 hazikuziletea madhara hata kwa viwango vikubwa mara nyingi zaidi. Silaha inayopenya bakteria haichagui sana inapokutana na seli ya mwenye mwili. Chembe kubwa nazo zina kasoro ya kinyume: haziozi. Zikipita kwenye damu huvikwa protini za mwili, huchukuliwa na seli za ulinzi, kisha hulundikwa kwenye ini na wengu, zikakaa kwa miezi. Figo huchuja na kutoa nje zile ndogo tu, zisizozidi nanomita 5 au 6. Kwa mgonjwa wa miaka 25, ambaye mguu wake unatakiwa umtumikie nusu karne, swali la mabaki ni la msingi kuliko swali la kasi ya kupona.

Jambo ambalo wengi hulitaja kwanza, bei, ndilo jepesi zaidi. Chuma cha kupitishwa ndani ya muundi, chenye unene wa milimita 10 na urefu wa sentimita 34, kikifunikwa chote kwa tabaka moja la chembe za nanomita 20, hakitumii hata miligramu 3 za dhahabu. Pete ya ndoa ya kawaida ingefunika vyuma zaidi ya elfu moja. Haijalishi kama dhahabu hiyo imetoka kwenye migodi ya Geita au kwingineko. Gharama iko kwenye kuzitengeneza chembe zikalingana, zikiwa safi, bila bakteria wala mabaki ya kemikali, kundi la leo likiwa sawa na la mwakani, na kwenye miaka ya majaribio kwa binadamu.

Majaribio hayo kwa upande wa mfupa bado. Hakuna dawa wala chuma chenye nanodhahabu kilichosajiliwa kutibu usaha wa mfupa au kuunga mfupa uliovunjika, na maji ya dhahabu yanayouzwa mitandaoni kama tiba ya kila kitu hayatokani na tafiti hizi. Koch alishakutana na umbali ulioko kati ya chupa ya maabara na mwili wa mnyama mwaka 1890. Mtu ambaye mfupa wake umetokeza nje ya ngozi leo anahitaji kitambaa safi juu ya jeraha, mguu ufungwe usicheze, asipakwe majani wala mafuta, afikishwe hospitali, na achomwe antibiotiki ya kwanza ndani ya saa moja tangu kuumia.